Uhakiki wa Ishara za Kibiblia katika Vioo vya Rangi vya Makanisa: Mtazamo kutoka Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za Kikristo, imezoeleka kudaiwa kwamba madirisha ya vioo vya rangi ni Biblia ya wasiojua kusoma. Dai hilo lina mizizi mirefu. Mnamo mwaka 600 hivi, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille akitetea picha kanisani kwa hoja kwamba zinamfaa asiyejua kusoma kama kitabu kinavyomfaa anayejua. Katika karne ya 12, Abate Suger wa Saint-Denis, nchini Ufaransa, aliona katika vioo njia ya kuinua nia ya mtazamaji kutoka kwenye vitu vinavyoonekana hadi visivyoonekana. Uhakiki huu unalipinga dai hilo kwa sehemu. Unajenga hoja kwamba kioo hukumbusha kile ambacho neno limekwisha kufundisha. Neno linapokosekana, mtazamaji hukisoma kwa ishara za mazingira yake.

2.0 Neno na Picha

Barthes (1964), akiongozwa na misingi ya Simiotiki, anaeleza kuwa picha hubeba maana nyingi kwa wakati mmoja, na maneno yanayoandamana nayo ndiyo huitia nanga maana mojawapo. Jambo hili hudhihirika katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Humo mna kioo cha rangi kilichowekwa kuwakumbuka wanamaji wa Kiingereza waliofariki wakipambana na biashara ya watumwa. Maneno ya wakfu ndiyo yanayomwongoza mtazamaji. Bila hayo, kioo kingebaki pambo la ibada. Kumbukumbu ya waliouzwa na kupigwa imo sakafuni, mbele ya altare, ambako duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa wekundu linaonyesha mahali pa mti wa kuchapia. Hivyo, mwokoaji ametazamwa juu, kwenye nuru, na aliyeteswa ametazamwa chini. Mpangilio huo nao ni fasiri ya historia, na mhakiki anayetaja uzuri wa kioo pekee huuacha bila kuhojiwa.

Ni muhimu pia kwamba Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, ndiye aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Jengo na neno vilikwenda pamoja.

3.0 Mtazamaji wa Kilombero

Bara, swali hili huchukua sura nyingine. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walihudumu katika eneo la Mahenge na Ifakara tangu miaka ya 1920, na Jimbo Katoliki la Ifakara liliundwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge. Mwamini wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, hukutana na ishara za kawaida za vioo vya makanisa, yaani maji, nafaka na rangi, akiwa tayari na maana zake.

Kuhusu maji, kioo kinachoonyesha safina ya Nuhu au ubatizo wa Yesu hudai kwamba maji huangamiza na kuokoa. Katika bonde linalofurika masika na kuotesha mpunga kwa mafuriko hayohayo, ukinzani huo ni uzoefu wa maisha. Isitoshe, Mto Kilombero huungana na Luwegu kuunda Rufiji, mto wa nchi ya Kinjikitile Ngwale. Vita vya Maji Maji vilipofika Mahenge mwaka 1905, maji yalikuwa ahadi ya kinga dhidi ya risasi, na ahadi hiyo haikutimia. Fasiri ya ubatizo isiyojua kumbukumbu hiyo ni pungufu.

Kuhusu nafaka, masuke ya ngano na zabibu huashiria Ekaristi. Mkulima wa mpunga hapandi ngano, lakini mfano wa punje inayokufa ardhini ili izae (Yohana 12:24) anauelewa kwa mikono yake. Umbo la ishara ni geni. Mantiki yake si ngeni.

Rangi ndiyo ngumu zaidi. Buluu ya vazi la Maria ilipata heshima Ulaya kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya ughali wa rangi yenyewe. Kwa mtazamaji anayeijua kaniki, kitambaa cha bei nafuu chenye weusi wa buluu, vazi hilo huweza kuashiria unyonge badala ya umalkia. Fasiri hiyo haipingani na Injili ya Luka. Huenda inaikaribia zaidi.

4.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba suluhisho ni kubadilisha sura za picha, kama alivyofanya Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipochora ukutani Murang'a Kristo Mwafrika katika mandhari ya Wakikuyu. Mchango huo ni mkubwa, lakini hautoshi kuwa kanuni, kwani hata picha ya nyumbani huhitaji neno. Kinachodaiwa hapa ni kwamba uhakiki wa vioo vya rangi uanzie kwa anayeketi chini yake: lugha aliyosikia Neno kwayo, mto anaouvuka na nafaka anayoila. Bila hivyo, mhakiki atakuwa amekieleza kioo na kumwacha gizani yule aliyewekewa kioo hicho.