Kujishtukia, na Wasifu wa Siti

Kwenye usaili niliulizwa naishi wapi. Nikajibu, "Karibu na Uwanja wa Taifa." Naishi Mbagala. Kutoka kwetu hadi uwanjani ni safari ya daladala, tena ya kusimama. Hakuna aliyenicheka. Nilijicheka mwenyewe mapema, wasije wakaniwahi. Vijana wa Dar tuna neno lake: kujishtukia.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19. Aliuza vyungu, akahamia mjini, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka na kumwambia kwamba bila sauti asingekuwa kitu. Naye akawajibu kwa wimbo.

Katika jibu lake hakukana shamba wala hakudai sura nzuri. Aliuacha ukweli ulivyo, akaikataa hukumu. Daktari Aaron Beck wa Marekani, miaka ya 1960, alijenga tiba juu ya jambo lililo karibu na hilo. Mawazo ya "mimi si kitu" huja yenyewe, upesi, na tunayapokea kama ukweli bila kuyadai ushahidi. "Natoka Mbagala" ni ukweli. "Kwa hiyo sifai" ni nyongeza yangu mwenyewe.

Hata hivyo, nina ugomvi na Shaaban Robert. Anamsifu Siti mno. Shaka zake za ndani hazipewi nafasi kubwa, na wema wake umenyooka kama mstari. Msomaji anayejishtukia anaweza kufunga kitabu akiwa na mizigo miwili: hajikubali, na sasa anaona hana hata ushujaa wa Siti.

Tena Siti alikuwa na sauti. Wapinzani walisema thamani yake yote imo humo, na wasifu unaomsimulia kwa ushindi wake unakaribia kukubaliana nao. Je, dada anayeuza vyungu Temeke leo, ambaye hataimba wala kupanda meli kwenda Bombay, ajikubali kwa sababu ipi?

Ndiyo maana nashauri kitabu hiki kisomwe kwa kurudi nyuma. Ukishamaliza sifa za mjini, rudi Fumba, umtazame msichana mwenye vyungu ambaye hakuna anayemjua. Alikuwa mtu kamili tayari. Santuri zilimpa jina. Utu alikuwa nao. Shaaban Robert hakulisema hilo wazi kama nilivyotamani, lakini bila kitabu chake nisingelifikia.

Usaili uliofuata niliulizwa tena. "Mbagala," nikasema. Sauti ilitetemeka kidogo, na kazi sikupata. Ila niliposhuka Rangi Tatu jioni ile, sikuwa na uongo wa kukumbuka.