Maua ya mukuba: kitabu ni kizuri, nani atakisoma?

Mu 2016, François Malaisse na wenzake Michel Schaijes na Claude D'Outreligne walitoa kitabu juu ya mimea ya udongo wenye mukuba na kobalti mu Katanga. Sisi walimu tunakisifu. Picha zake njo zinafundisha: pale mukuba unazidi mu udongo, miti ya pori inashindwa, majani mafupi na maua njo yanabaki. Haumaniastrum katangense, lile ua la mukuba, linaota hata fasi bankambo walikuwa wanayeyusha mukuba. Wataalamu wa mambo ya kale wamelifuata kwa kutafuta matanuru yao.

Lakini tunakilaumu kwa jambo moja: kimeandikwa mu Kiingereza, na watoto wetu wa Ruashi na Kipushi wanasoma mu Kifaransa na kusema Kiswahili. Basi, nani atawafasiria? Jambo lenyewe ni la haraka, sababu mimea mingine ya vilima hivi haioti fasi ingine yoyote duniani. Mashini ikikwangua kilima, picha hairudishe mbegu. Tutafsiri hata kurasa chache kwa masomo yetu, ili mutoto ajue kusoma kilima mbele hakijachimbwa.