Je, Samaki Huyu Ana Upungufu wa Kinga?

Tangu istilahi Upungufu wa Kinga Mwilini ilipoenea na kufupishwa kuwa UKIMWI, neno upungufu limeambatana na kinga kiasi kwamba mfasiri hulitumia bila kulipima. Madhara yake twayaona katika tafsiri zinazohusu jeni za vipokezi vya kinga vya samaki.

Mwaka 2011 wataalamu walichapisha jenomu ya Gadus morhua, samaki wa Atlantiki. (Wengine humwita chewa, ingawa chewa wa pwani yetu ni samaki mwingine kabisa.) Iligunduliwa kwamba hana jeni za MHC za daraja la pili, wala ile ya CD4, kipokezi ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kuingia katika seli za binadamu. Mfasiri aandikaye kwamba samaki huyo "ana upungufu wa kinga" amemwuguza samaki mzima. Jeni zake za MHC za daraja la kwanza ni nyingi mno, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba samaki wa ukoo wake wameishi hivyo kwa mamilioni ya miaka.

Ukosefu nalo silipendi. Lanuka dhiki, kama ukosefu wa maji. Yafaa kitenzi: jeni imetoweka. Kitenzi hiki chasimulia mageuko bila kutoa hukumu ya ugonjwa. Tena chafaa kwa samaki wa karibu zaidi, Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji, aishiye katika vidimbwi vya mvua kama jamaa zake wa bonde la Rufiji. Kwake imetoweka jeni ya kingamwili iitwayo IgZ, ambayo baadhi ya samaki wa oda yake wangali nayo.

Kipokezi nacho kisitumiwe ovyo. MHC haipokei tu. Hushika kipande cha protini ya kijidudu na kukionyesha kwa seli nyingine. Kionyeshi kingeeleza zaidi.

Mwalimu wa Marambo, huko Nachingwea na Ruangwa, hufundisha watoto waliokwisha kusikia habari za UKIMWI kabla ya kusikia neno jeni. Akiwasomea kwamba samaki ana upungufu wa kinga, swali la kwanza litakuwa kama samaki huyo analika, na kitabu alichopewa hakitamsaidia kulijibu.