Kinga mbili na mlango wa kanisa

Zamani sinema ilikuwa jambo la siku kubwa. Katika miaka ya 1950 mapadri walitundika shuka jeupe uwanjani pa misioni, mashine ikawashwa, na kijiji kizima kikaketi chini kutazama. Padri ndiye aliyechagua filme, na padri ndiye aliyeieleza. Siku hizi filme inaingia nyumbani bila kubisha hodi. Inaingia kwa televizio, kwa simu, kwa flashi ndogo inayopita mkono kwa mkono. Hata pale pasipo na umeme, watu wanakusanyika kwa jirani mwenye mashine, ao mwenye umeme wa jua. Padri hachagui tena. Anayeshika simu ndiye mwenye kuchagua, na mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi.

Kwa hiyo haifai tena kuuliza kama mkristu aende sinema ao asiende. Sinema imekwisha kufika kwake. Inafaa kuuliza: atazame nini, na kiisha kutazama afanye nini? Papa Pio XI aliandika barua juu ya sinema mwaka wa 1936, na Papa Pio XII akaandika nyingine mwaka wa 1957 juu ya sinema, radio na televizio. Wengi wetu tumeshika neno moja tu la barua hizo, ni kusema neno la hatari. Ni neno la kweli, wala hatulifuti. Lakini Pio XII huyo huyo, katika hotuba mbili za mwaka wa 1955, alieleza pia namna filme bora inavyopaswa kumsaidia mwanadamu. Basi, tuseme kidogo juu ya filme zinazosaidia.

Wiki hizi tumetazama mbili, jioni, katika nyumba ya mapadri. Moja ni ya Italia, ya mwaka wa 1948. Inaitwa "Ladri di biciclette", maana yake "Wezi wa baiskeli", na aliyeitengeneza ni Vittorio De Sica. Ya pili ni "Makala", ya mwaka wa 2017, iliyotengenezwa na Mfaransa Emmanuel Gras hapa kwetu Katanga. Watu wake wanasema Kiswahili chetu. Kati ya filme hizo mbili kuna karibu miaka 70. Lakini zote mbili zinasimulia habari ya baba mmoja, familia yake, na baiskeli, ile tunayoiita kinga.

Tuanze na ya kwanza. Vita imekwisha, na mjini Roma kazi ni haba. Antonio Ricci anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini kwa shurti awe na kinga. Kinga yake imewekwa rehani. Mke wake Maria hasemi maneno mengi: anaondoa mashuka ya kitanda, anayapeleka rehani, wanaikomboa kinga. Siku ya kwanza ya kazi kijana mmoja anaiiba. Antonio na mtoto wake Bruno wanazunguka mji mzima kuitafuta. Polisi wanaandika karatasi, basi. Mwishoni baba mwenyewe anajaribu kuiba kinga ya mtu mwingine, anakamatwa mbele ya macho ya mtoto wake. Mwenye kinga anamtazama Bruno, kiisha anamwachilia baba. Wanarudi nyumbani kwa miguu, baba analia, na mtoto anamshika mkono.

Aliyecheza kama Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Ndiyo maana anatembea kama mtu aliyechoka kweli. Mwaka wa 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa majina ya filme 45 zilizo bora, na hii ilikuwa mojawapo. Haikuwekwa katika fungu la filme za dini, iliwekwa katika fungu la filme zinazofundisha thamani ya mtu.

Sasa "Makala". Hapa hakuna mchezaji. Kabwita ni mtu wa kweli, kijana mwenye mke na watoto, anayechoma makala. Anaukata mti mkubwa kwa shoka. Kazi hiyo inaonyeshwa kwa muda mrefu, mpaka sisi tuliokaa kitini tunaanza kuchoka mahali pake. Anajenga tanuru ya udongo, anachoma, anajaza magunia. Kiisha anayafunga juu ya kinga hata kinga yenyewe haionekani tena, anaisukuma kwa mkono kwenda Kolwezi, njia ya kilomita 50 hivi. Makamio yanampita karibu, mavumbi yanamfunika, mzigo unaangushwa. Usiku watu wanamzuia njiani na kumtoza kabla ya kupita. Akifika mjini, wanunuzi wanabishana naye kwa bei. Yeye anataka manjanja ya kuezekea nyumba yake. Anauliza bei ya janja moja, anahesabu, na hesabu haitoshi.

Padri mwenzetu mmoja alituuliza: "Sababu gani kupoteza jioni kwa kutazama kitu kinachopita mbele ya parokia kila asubuhi?" Swali lake ni zuri. Jibu ni kwamba kinapita kila asubuhi, na kwa sababu hiyo hatukioni. Tunaona gunia, tunauliza bei yake. Filme inatulazimisha kukaa dakika 96 nyuma ya mgongo wa mtu mmoja, kusikia gurudumu linavyolia, kungoja akipumzika. Hakuna msemaji wa kutueleza tufikiri nini. Mtu anayetoka hapo hawezi tena kusema kwamba makala ni ghali bila kumkumbuka aliyeyaleta.

Mwingine akasema: "Mzungu amekuja kuonyesha umasikini wetu huko Ulaya." Neno hilo nalo lina uzito, maana tumekwisha kuona picha nyingi za namna hiyo. Lakini tuangalie filme yenyewe. Kabwita haombi huruma ya mtu. Anajua kazi yake, kila kamba anaifunga kwa akili, na mbele ya wanunuzi anajua kujitetea. De Sica naye aliwaonyesha Waitalia umasikini wao wenyewe, na wako waliokasirika. Leo wanaihesabu filme ile kuwa mali ya nchi yao. Aibu haiko katika kuonyeshwa. Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti. Waya mkubwa wa umeme unatoka Inga, unakata nchi yetu kwa urefu wa kilomita 1,700 karibu, mpaka Kolwezi. Ulimalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Na katika mji huo mama wa nyumba anapikia makala yaliyosukumwa kwa mkono. Anayetafuta aibu aitafute hapo.

Kosa tunaloliona sisi katika "Makala" ni jingine. Mahali fulani fulani muziki wa fidla kubwa unaingia, kama vile mtengenezaji ameogopa kwamba sauti ya gurudumu haitoshi kutugusa. Inatosha. Katika "Ladri" pia muziki unazidi mara nyingine, lakini uso wa Bruno unaushinda.

Lakini tunayoandika haya kwa ajili yake ni jambo moja hasa: katika filme zote mbili, masikini anafika mahali pa sala. Tuangalie anakuta nini.

Roma, Antonio anamfuata mzee mmoja anayemjua mwizi. Mzee anaingia kanisani, Antonio na Bruno wanaingia nyuma yake. Humo mabwana na mabibi wenye mali wamewakusanya masikini: wanawanyoa ndevu, wanawasalisha, kiisha watawapa chakula. Ni kazi njema, na hakuna aliye mwovu pale. Lakini shida ya Antonio si ndevu wala supu. Anasema na mzee wakati wa sala, na wenye kulinda utaratibu wanamwambia anyamaze. Wako na haki: anasumbua. Mzee anatoroka. Antonio anatoka kanisani mikono mitupu, na baadaye anakwenda kwa nani? Kwa mwanamke mwaguzi, anayepokea feza za watu kitandani pake na kumwambia neno ambalo kila mtu angeweza kulisema. Kwa mwaguzi kuna msongamano, lakini kila mmoja anapata zamu yake ya kusikilizwa. Tuko wangapi tunaoshangaa kwamba wakristu wetu, wakitoka Misa, wanakwenda kwa nabii wa mtaa? De Sica alituonyesha njia hiyo tangu mwaka wa 1948, hatua kwa hatua.

Kuna tena kipande kidogo ambacho masemineri wasikose kukiangalia. Mvua inanyesha, Antonio na Bruno wamejificha ukutani. Kikundi cha masemineri wenye kanzu kinakuja mbio kujificha pamoja nao. Wanaongea Kijerumani, ni vijana wenye furaha, wanabanana na baba na mtoto waliolowa. Mvua inapungua, wanakwenda zao. Hawakutenda dhambi yo yote. Hawajui hata kama yule aliyesimama kando yao amepoteza mkate wa nyumba yake. Wanafunzi wa teolojia na mtu mwenye shida walishiriki ukuta mmoja, mvua moja, na hakuna neno lililopita kati yao. Kuhani na mlawi wa mfano wa Yezu, wao angalau walimwona mtu aliyelala njiani.

Kolwezi, Kabwita anaingia katika kikundi cha sala usiku. Si kanisa letu. Watu wanasali kwa sauti kubwa, wanalia, kila mmoja anamwambia Mungu shida yake kwa maneno yake. Hakuna anayemwambia Kabwita anyamaze. Mtu aliyenyamaza njia yote, aliyesema na wanunuzi tu, hapa anafungua kinywa. Tusikicheke kikundi hicho. Mahali ambapo mchoma makala anaweza kulia mbele ya Mungu bila kuona haya ni mahali panapotuuliza swali sisi.

Lakini tusiishie hapo, maana swali linauliza pande mbili. Katika sala ile hakuna anayemwuliza Kabwita juu ya wale waliomtoza njiani, wala juu ya bei ya gunia, wala juu ya msitu unaokwisha. Machozi yanafutwa, na kesho yake njia ni ile ile. Kanisa letu lina mafundisho makubwa juu ya haki ya mfanyakazi tangu barua ya Papa Leo XIII ya mwaka wa 1891. Tunayasoma seminari, tunayafanyia mitihani, na wengine wanapata pointi nzuri. Kabwita hakuyasikia kwa mtu ye yote usiku ule. Kule Roma walikuwa na utaratibu na supu bila masikio. Huku Kolwezi wako na masikio, lakini hawana neno la kusema juu ya njia. Parokia yenye vyote viwili ingekuwa nyumba ambayo Antonio na Kabwita wasingepita kando yake.

Shauri letu kwa wasomaji ni hili. "Makala" itazamwe na familia nzima. Haina kitu cha kuwadhuru watoto, na Kiswahili chake kinaeleweka. Wako watakaolalamika kwamba hakuna vita wala mapendo ndani yake, na inakwenda pole. Waambiwe wangoje mpaka kinga ifike barabarani. "Ladri di biciclette" inasemwa Kiitaliano. Itafutwe yenye maandishi ya Kifaransa chini, na mmoja anayesoma upesi awaelezee wengine. Tangu miaka kumi mtoto ataielewa, maana nusu ya filme inaonekana kwa macho ya mtoto. Kule mwaguzi anapoonekana, wazazi wasimamishe kidogo, waongee. Katika shirika zinaweza kutazamwa Jumapili mbili zinazofuatana, "Makala" kwanza, kwani inatoka kwetu, kiisha ile ya Roma, ili watu waone kwamba Wazungu pia waliweka mashuka yao rehani.

Kiisha kutazama, zima mashine, msilale mara moja. Ulizeni maswali matatu tu. Mtu huyu alihitaji nini? Nani alimwona? Angefika kwetu, angepokewa na nani, saa ngapi, mlango gani?

Swali la tatu ni gumu kwa mapadri kuliko kwa wengine, maana sisi ndio wenye kubandika saa za ofisi mlangoni. Kinga za makala zinapita mapema, mbele ya Misa ya kwanza, na saa hizo ofisi imefungwa. Anayetoka sakristia kesho asubuhi anaweza kusimama kidogo kando ya barabara. Amwulize msukumaji bei ya gunia, ametoka kijiji gani, na kama usiku njia ilikuwa salama.