Sura ya nani juu ya noti? Mfano wa Seychelles

Mutu akitaja noti za zamani za visiwa vya Seychelles, karibu kila mara anaanza na ile hadithi ya minazi. Kwenye noti ya rupia 50 ya 1968, nyuma ya kichwa cha Malkia Elizabeth II, majani ya minazi yamejipanga sawa vile herufi S, E na X. Nilipoonyesha picha yake mu darasa, wanafunzi walicheka mpaka saa ikaisha. Mimi naona kicheko hicho kinatuficha jambo kubwa zaidi.

Tuangalie noti zote za wakati ule. Rupia 5 ina kasuku mweusi, rupia 10 kobe wa bahari, rupia 50 merikebu ya matanga, rupia 100 kobe wakubwa wa inchi kavu. Ni kazi nzuri, hatuwezi kukana. Lakini nyama na ndege ni za kisiwa, kichwa ni cha bwana mwingereza.

Uhuru ulifika tarehe 29 Juni 1976. Noti mpya zikatoka na sura ya rais wa kwanza, James Mancham. Hapo njo ninapolaumu. Walimutoa Malkia, wakamuweka Mancham palepale, kiti hakikubadilika. Tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London, wakamupindua, France-Albert René akashika utawala. Hata mwaka mmoja haukutimia! Na noti zenye ndege na samaki, bila sura ya mukubwa yeyote, zilikuja 1979 tu. Sisi tuliohesabu zaïre za Mobutu na kofia yake ya chui, mpaka falanga ilipokuja tarehe 30 Juni 1998, tunajua vizuri ginsi sura ya mutu aliyeanguka inavyobaki mu kitambaa cha mama wa soko.

Wengine watasema: basi noti za 1979 zilikuwa za raia. Polepole, ndugu zangu. Mwaka uleule katiba iliweka chama kimoja, na vyama vingi vilitangazwa tena Desemba 1991 tu. Samaki juu ya karatasi hapigi kura.

Ninachosifu mimi, kama mwalimu, ni luga. Kikreoli kilifanywa luga ya taifa 1981, kikaingia mashuleni 1982. Kisha, kwenye noti za 1989, benki kuu ikaandika jina lake: Labank Santral Sesel.