Ndege za Mabua na Ndege za Makumbusho

Katika vijiji vya bonde la Ruzizi, na Mutarule ni kimojawapo, watoto huunda eropleni kwa mabua ya mtama, makopo na vipande vya kandambili. Wako wakubwa waiitao kazi hiyo upuuzi. Mimi nasema ni ufundi. Na kwa kuwa ni ufundi, yafaa tuupime.

Kosa kubwa la mafundi wetu wadogo ni kutanguliza pambo kabla ya mizani. Wanachora madirisha, wanasahau kulinganisha mabawa. Jaribio lake ni rahisi: inua chombo kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, penye theluthi ya kwanza ya upana wa bawa kutoka mbele. Kikilala sawa, kitaelea vema. Mkia ukianguka, ongeza udongo kidogo puani.

Sasa tuwapime na wakubwa. Makumbusho ya Jeshi huko Brussels hutunza eropleni za kale, na baadhi yake ni za vita vya 1914-1918. Hiyo ni sifa njema, maana penye mbao, nguo na waya wa kweli fundi hupata kipimo cha kweli. Lakini kipimo si ukweli wote.

Tuangalie ziwa letu. Mwaka 1916 Waingereza waliwaazima Wabelgiji eropleni nne za Short 827, zenye kutua juu ya maji. Kambi yake ilikuwa Tungwe, karibu na Mtoa, kaskazini ya mji uitwao leo Kalemie. Mwezi Juni zilitupa mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwezi Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba.

Mabawa ya Short 827 yalikuwa na mita 16 na nusu hivi toka ncha hata ncha. Ukiipunguza mara 72, unapata sentimita 23, nayo yakaa mkononi. Fundi hodari ataonyesha kila kamba. Je, atawaonyesha wapagazi? Katika vita hivyo Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi kwao. Je, atawaonyesha watu wa Kigoma waliotazama juu kwa hofu? Mfano wenye rubani na bomu tu ni sahihi kwa kipimo, lakini ni pungufu kwa haki.

Neno hili latuhusu. Watoto wetu wameijua vita. Helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, zilizofanya kazi Kivu Kusini mpaka Juni 2024, wameziona kwa macho. Mtoto akiunda helikopta yenye bunduki, usiivunje. Muulize: “Chini yake yuko nani?”

Mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani. Sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Siku hiyo parokia zetu zingeweza kuwapangia watoto meza ya kazi zao, na kila mmoja aeleze mambo mawili: ndege yake imebeba nini, na ni nani aliyeibebea mzigo huo mpaka uwanjani. Atakayejibu yote mawili, na mabawa yake yamelingana, huyo ndiye apewe zawadi ya kwanza.