Unyambulishaji wa Maneno ya Kiingereza Jijini Kampala na Tatizo la Kuyaita Makosa

Mwaka 2014 Bernard Sabiiti alichapisha kamusi ya Kiingereza cha Waganda kwa jina la Uglish: A Dictionary of Ugandan English. Kwa sehemu kubwa ilipokelewa kama burudani: maneno ya ajabu ya watu wachangamfu. Jina lenyewe lilichangia. Ni muungano wa "Uganda" na "English", lakini jicho la msomaji wa Kiingereza hukutana kwanza na "ugly", yaani ubaya, kabla sikio halijapata nafasi ya kulitamka inavyostahili. Miaka miwili baadaye kitabu kilichohaririwa na Christiane Meierkord, Bebwa Isingoma na Saudah Namyalo kiliingiza lahaja hiyo katika mjadala wa kitaaluma. Hata hivyo, katika madarasa na ofisi bado hukumu ni ileile ya zamani: hicho ni Kiingereza kilichovunjika. Hukumu hiyo haistahimili uchunguzi wa kimofolojia.

Neno linalotajwa mara nyingi kuliko yote ni "detooth", yaani kula fedha za mwanamume kwa ahadi ya mapenzi yasiyokusudiwa kutolewa. Maana imetoka katika Kiganda, okukuula ebinnyo, kung'oa magego. Umbo, kwa upande mwingine, ni la Kiingereza kitupu. Kiambishi awali "de-" hupachikwa kwenye nomino kuonyesha kuondoa kinachotajwa na nomino hiyo, kama katika "debone", kutoa mifupa kwenye nyama. Likisha kuzaliwa, neno hilo huambishwa bila hitilafu: "detoothed", "detoothing", na mtendaji wake ni "detoother". Hakuna kiambishi hata kimoja kilichokaa pasipo pake. Aliyelibuni alizijua kanuni za Kiingereza barabara, pengine kuliko anayemcheka.

"Dirten", kuchafua, lina mafunzo zaidi. Kiambishi tamati "-en" hufanya vitenzi kutokana na vivumishi, kama "darken" na "soften", na kutokana na nomino chache, kama "strengthen" na "frighten". Kwa kanuni hiyo "dirt" ingeweza kuzaa "dirten" wakati wowote. Kilichoizuia Uingereza si kanuni bali kiti kilichokwisha kukaliwa: kitenzi "dirty" kilikuwapo tayari, na lugha kwa kawaida haipendi kulisha maneno mawili kwa kazi moja. Wanaisimu wanakitambua kizuizi hicho vizuri, nao wanajua pia kwamba ni suala la desturi na kumbukumbu ya msamiati, wala si la sarufi. Mzungumzaji ambaye hakurithi kumbukumbu hiyo huunda neno ambalo sarufi inamruhusu kuliunda. Mtoto wa London hufanya vivyo hivyo kabla hajasahihishwa.

Mengine hayahitaji hata kiambishi. "Bench" huhamishwa kutoka nomino hadi kitenzi, kumtembelea msichana kwa nia ya kumpata, na papo hapo humpata "bencher" wake. Katika teksi ya abiria kumi na wanne, "extend" ni ombi la kumsogeza jirani. Kitenzi kilichozoea kuchukua yambwa kimeachwa kisimame peke yake, kama "sogea" ya Kiswahili isimamavyo.

Mpaka hapa mtu angeweza kudai kwamba Kampala hutoa maana tu, na umbo lote huachiwa Kiingereza. Dai hilo lingekuwa nadhifu mno. Mfuko wa plastiki huitwa "kaveera", na wingi wake ni "buveera". Umbo hilo la wingi huonekana hata ndani ya sentensi za Kiingereza magazetini, hasa tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 ilipoipiga marufuku mifuko myepesi. Hapa wingi umeoneshwa mwanzoni mwa neno, kwa ngeli ya Kiganda, ndani ya lugha inayoonesha wingi mwishoni. "Boda boda" imesafiri mbali zaidi: "border" ya Kiingereza, inayohusishwa na baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, ikarudufishwa Kibantu, kisha ikarudi katika Kiingereza na kuvikwa "-s" ya wingi, "boda bodas".

Umuhimu wa haya kwa sera unaonekana mtoto anapoketi kuandika insha. Mtaala wa shule za msingi ulioanza mwaka 2007 huagiza lugha ya mazingira itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, lakini mijini kwenye mchanganyiko wa lugha, Kampala ikiwamo, Kiingereza hutumika tangu mwanzo. Mtoto hupokea viambishi darasani na maana mtaani. Akiandika "she go", hajaifuata kanuni. Akiandika "dirten", ameifuata kanuni mahali ambapo desturi imeifunga. Msahihishaji anayeweka alama moja nyekundu kwa yote mawili humfundisha mwanafunzi wa pili kwamba asiitegemee kanuni aliyofundishwa. Hilo ndilo hasara, wala si kupotea kwa neno moja.

Suala hili sasa limehamia kwenye Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 uliifanya lugha hii kuwa ya lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha iwe lugha rasmi. Wanafunzi wa Kampala watakileta Kiswahili cha ka- ya udogo, "katoto" badala ya "kitoto", umbo linalosikika pia Kenya na Kongo ya mashariki. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo, na mwalimu ana haki ya kulisema hilo. Tofauti itatokana na namna atakavyolisema: kwamba umbo ni halali katika lugha za Kibantu ila Kiswahili sanifu kimechagua ki-, au kwamba mwanafunzi hajui lugha. Mwongozo wa kusahihisha unaotenganisha kuvunja kanuni na kupita mpaka wa desturi ungetosha katika ukurasa mmoja, na ungeweza kutumika kwa masomo yote mawili.